Songs in the Key of Life ya Stevie Wonder: tuipige yote kwa kikao kimoja au tuchague nyimbo?

BintiSouthB

Wanajukwaa, hamjambo. Sisi ni kikundi kidogo cha wapenzi wa muziki wa zamani hapa Nairobi. Kila mwisho wa mwezi hukutana katika ukumbi wa kanisa huku South B, tukaisikiliza albamu moja kwa spika nzuri bila mtu kugusa simu, kisha tukaijadili. Mwezi huu zamu ya kuchagua imeniangukia mimi, nami nimeitaja Songs in the Key of Life ya Stevie Wonder, iliyotoka mwishoni mwa Septemba 1976. Wengi wetu tunaijua vipandevipande tu. "Isn't She Lovely" haikosi kupigwa mtoto anapozaliwa, "I Wish" na "Sir Duke" husikika redioni siku za mapumziko, na vijana wanaitambua "Pastime Paradise" kwa sababu rapa Coolio aliijengea juu yake "Gangsta's Paradise" mwaka wa 1995. Sidhani kama yupo hata mmoja wetu aliyewahi kuketi akaisikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kikwazo ni muda. Albamu nzima ni takriban dakika 105, na ukumbi tunapewa kwa saa mbili kamili kwa kuwa baada yetu kwaya huingia kufanya mazoezi, nao hawana mchezo na saa yao. Tukiipiga yote, nafasi ya kuzungumza haitakuwepo. Tukichagua nyimbo, sioni ni nani atakayekuwa na haki ya kuamua zipi ziachwe, wala sina hakika kwamba tutakuwa tumesikiliza albamu badala ya mkusanyiko wa nyimbo zilizovuma. Wapo wanaoniambia kuwa kazi hii ilirefushwa bila sababu na kwamba santuri moja ingetosha, na wapo wanaoapa kwamba hakuna hata sekunde ya kupunguza. Ninyi mnaoifahamu mnaonaje?

Swali la pili ni dogo. Nimenunua nakala ya santuri kwa muuzaji mmoja mjini, jalada lake la rangi ya machungwa likiwa bado katika hali nzuri, lakini ndani mna santuri mbili tu zenye nyimbo 17. Kwenye simu ninahesabu nyimbo 21. Je, kulikuwa na matoleo mawili, au yangu imepungukiwa na kitu?

Mkaguzi_wa_Midundo

Dada, mimi nimo katika kundi la wanaotaka ipunguzwe, tena bila kuomba radhi. Stevie Wonder ni fundi, hilo halina ubishi, lakini fundi naye huhitaji mtu wa kumwambia basi, inatosha. Mwaka wa 1975 alitia sahihi mkataba mpya na Motown, kampuni iliyotoa rekodi zake, uliompa mamlaka kamili juu ya kazi yake, na kuanzia hapo akaingia studio akawa hatoki. Albamu iliyokuwa ikisubiriwa mwaka huohuo ikasogea hadi mwaka uliofuata, kiasi kwamba fulana zikachapishwa za kuwatuliza watu kwamba kazi inakaribia kuisha. Matokeo yake ndiyo haya: "Black Man" inapita dakika nane, "Another Star" vilevile, "As" inapita saba, na "Joy Inside My Tears" inakwenda kwa mwendo wa maandamano ya mazishi kwa zaidi ya dakika sita.

Linganisha na Innervisions ya mwaka wa 1973, ambayo ina nyimbo tisa na dakika kama 44 tu, na hakuna anayelalamika kwamba ni fupi. Ningekuwa mimi, ningepiga "Love's in Need of Love Today", "Village Ghetto Land", "Sir Duke", "I Wish", "Knocks Me Off My Feet", "Pastime Paradise", "Summer Soft", "Isn't She Lovely", "If It's Magic" na "As". Hapo mna albamu kamili, na bado mna muda wa kutosha wa kubishana. "Ordinary Pain" ingenishawishi iwapo ingeishia katikati.

Mzee_wa_Santuri

Ndugu Mkaguzi, hoja yako ya mkataba inachechemea. Uhuru wa studio Stevie hakuupata mwaka wa 1975. Aliupata mwaka wa 1971, alipotimiza umri wa miaka 21 na mkataba wake wa utotoni ukamalizika, akarudi Motown kwa masharti yake mwenyewe. Hiyo Innervisions unayoisifu kwa ufupi wake aliitengeneza akiwa huru vilevile. Kwa hiyo urefu wa albamu ya 1976 hauwezi kuelezwa kwa kusema kwamba hakukuwa na mtu wa kumzuia. Aliamua.

Sasa, dada, nikujibu wewe. Nadhani mnasumbuliwa na swali hili kwa sababu mnafikiria mambo mawili tu, wimbo mmoja mmoja au albamu nzima, ilhali kazi hii ilitengenezwa wakati ambapo msikilizaji alilazimika kuinuka kila baada ya dakika ishirini na kitu kugeuza santuri. Kipimo chake ni upande. Santuri zako mbili zina pande nne, kila upande una dakika kati ya 21 na 23 hivi, na kila upande una mwanzo wake, kilele chake na mahali pake pa kutulia. Ukichomoa wimbo mmoja, ule uliofuata unapoteza sababu ya kuwa pale.

Chukueni upande wa kwanza. Unafunguliwa na "Love's in Need of Love Today", ambapo zile sauti nyingi zinazoingia kama kwaya ni za Stevie mwenyewe, amezirekodi moja juu ya nyingine. Huyu mtu alikuwa na uwezo wa kumwita mwanamuziki yeyote Marekani, na katika wimbo wa kufungulia albamu yake kubwa kuliko zote akapiga karibu kila kitu peke yake. Unafuata "Have a Talk with God", mfupi na wenye kinanda kizito, alioandika pamoja na kakake. Hapo msikilizaji ameshatulia, anadhani yuko ibadani. Ndipo inapokuja "Village Ghetto Land".

Huu nawaomba muusikilize kwa makini, tena kwa sauti ya juu kidogo. Zinaanza fidla laini, zimepangwa vizuri kama muziki wa karamu ya wakubwa, na juu ya fidla hizo Stevie anaimba, bila kupaza sauti, habari za mtaa wenye njaa, uchafu, wizi na watoto wanaokufa kabla ya kuzaliwa. Hakuna ngoma, hakuna gitaa. Kisha mjue kwamba hata hizo fidla hazipo: zote zinatoka kwenye kinanda kimoja kikubwa cha umeme, Yamaha GX-1, ambacho wakati huo watu wachache sana duniani walikuwa nacho. Maneno ni ya Gary Byrd. Aliyekulia Nairobi, ambapo kuta za mtaa wa kifahari na mabati ya mtaa wa mabanda hutenganishwa na barabara moja, hahitaji kufafanuliwa kwa nini muziki wa wenye nacho umewekwa chini ya maneno ya wasio nacho.

Baada ya hapo Mkaguzi angeruka moja kwa moja hadi "Sir Duke". Haiwezekani. Kati yao kuna "Contusion", ambayo haina maneno, ni gitaa na ngoma zinazokimbizana, na ambayo jina lake hutukumbusha ajali ya gari ya Agosti 1973 iliyomwacha Stevie akiwa hana fahamu kwa siku kadhaa. Baada ya uzito wa "Village Ghetto Land", mwili unahitaji kutikiswa kabla ya kufurahi, la sivyo tarumbeta za "Sir Duke" zingesikika kama dharau kwa wale wenye njaa wa dakika tatu zilizopita. Na "Sir Duke" yenyewe ni shukrani kwa wakubwa waliomtangulia: Duke Ellington, aliyefariki mwaka wa 1974, na pamoja naye Count Basie, Glenn Miller, Louis Armstrong na Ella Fitzgerald. Upande unaishia hapo, watu wakiwa wamesimama.

Pande nne zote kwa pamoja hazizidi dakika 90. Pigeni upande mmoja, zungumzeni dakika sita au saba wakati mtu anageuza santuri na kufuta vumbi kwenye sindano, kisha mwendelee. Mtamaliza ndani ya saa mbili, na kwaya hawatawanunia.

Kuhusu nyimbo 17 na 21 nitarudi baadaye, kwa maana nina jambo la kukuuliza kwanza: je, ndani ya jalada mna kijitabu?

Besi_ya_Umoja

Ninapiga gitaa la besi katika bendi ya harusi, kwa hiyo nitasema la upande wangu tu. Watu huzungumza juu ya maneno ya Stevie na kusahau mahali miguu yao inapopatia amri. Katika "I Wish", sikilizeni jinsi gitaa la besi la Nathan Watts linavyotembea sambamba na kinanda, noti kwa noti, bila kupumzika. Watts alikuwa kijana mdogo alipoingia katika bendi ile, na tangu wakati huo yeyote anayetaka kazi ya besi katika bendi za mjini hutakiwa kuucheza wimbo huo bila kutetereka. Mimi mwenyewe niliombwa.

Jambo la pili ni "Summer Soft". Kwa kuwa mna kwaya jirani, waalikeni wafike mapema wakausikilize. Kuelekea mwisho, Stevie anarudia maneno yaleyale, na kila akirudia anaupandisha muziki, anaupandisha tena, na tena. Wanaosoma solfa watagundua kwamba "do" haikai mahali pamoja. Mwalimu wa kwaya akijaribu kuwafanyia waimbaji wake hivyo Jumapili asubuhi, sauti ya kwanza wataishia kupiga kelele. Yeye anafika juu kabisa huku amestarehe.

Kuhusu "Another Star", siafikiani na Mkaguzi hata kidogo. Umbo lake ni la muziki wa Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi, ule uleule uliovuka bahari ukafika Kinshasa na baadaye ukafika kwetu ukiwa rumba, na ndiyo maana katika harusi tukiupiga wazee wanainuka kabla ya vijana. George Benson yumo kwa gitaa na sauti, Bobbi Humphrey kwa filimbi. Muziki wa aina hiyo hauwezi kuwa wa dakika tatu. Dakika tatu za kwanza ni za kutafuta mwenzako wa kucheza naye.

Mwalimu_Kayole

Nami niseme neno kuhusu "Black Man", kwa kuwa naona unaelekea kutolewa kafara. Mwaka wa 1976 Marekani ilikuwa ikiadhimisha miaka 200 ya uhuru wake. Katika mwaka huo, Stevie akatoa wimbo unaotaja mmoja baada ya mwingine watu wa kila rangi walioijenga nchi ile, akiwemo Crispus Attucks aliyeuawa Boston mwaka wa 1770, Harriet Tubman, Garrett Morgan, Sacagawea na Cesar Chavez. Sehemu ya mwisho ni walimu wakiuliza na wanafunzi wakijibu kwa pamoja kwa sauti kubwa. Mkaguzi anaiona ndefu. Mimi ninayesimama mbele ya darasa la watoto wengi kila asubuhi naisikia kama darasa lenyewe, maana jibu la pamoja ndivyo mambo mengi yalivyotuingia kichwani sisi sote tuliosoma shule za umma. Wimbo ungeimba tu majina hayo, tungeyasahau. Kwa kuwa unayauliza na kuyajibu, yanabaki.

Ninakubali kwamba si wimbo wa kuupiga ukiwa unapika.

Mkaguzi_wa_Midundo

Mwalimu, kufundisha ni kazi njema, na wimbo huo unafundisha. Lakini upande wa tatu una nyimbo tatu pekee, na mbili kati yake zinafuatana kwa namna ambayo mimi, nikiwa msikilizaji wa kawaida, huishiwa na subira: kwanza mwendo wa konokono wa "Joy Inside My Tears", kisha darasa. Mzee wa Santuri ametuchambulia upande wa kwanza kwa ustadi, na ule kweli sitaugusa. Nangoja anieleze upande wa tatu kwa ustadi huohuo.

Mzee_wa_Santuri

Upande wa tatu unaanza na mtoto. "Isn't She Lovely" iliimbwa kwa ajili ya binti yake Aisha, aliyezaliwa mwaka wa 1975, na katika santuri inapita dakika sita, nusu yake ikiwa ni kinanda cha mdomo na sauti za mtoto akiogeshwa. Motown walitaka ikatwe ili itoke kama wimbo wa pekee nchini Marekani, Stevie akakataa, na kwa hivyo haikutoka. Redio nyingi hukatisha kabla ya mtoto kuingia majini, kwa hiyo huenda nusu ya kikundi chenu haijawahi kuisikia sehemu hiyo. Baada ya mtoto kuna mzazi aliyechoka na mwenye furaha, ambaye ndiye "Joy Inside My Tears", na baada ya mzazi kuna shule. Ndugu yangu, huo mpangilio si wa bahati nasibu. Hulazimiki kuupenda.

Ila upande ambao ningewaonea wivu kuusikiliza kwa mara ya kwanza ni wa nne. Pale katikati kuna "If It's Magic", ambapo bendi yote imeondoka na amebaki Stevie na kinubi cha Dorothy Ashby. Dakika tatu. Sauti yake iko karibu sana hivi kwamba unasikia pumzi. Kisha "As" inaanza taratibu, Herbie Hancock yuko kwenye kinanda, na kufikia nusu yake Stevie ameiacha ile sauti laini na anakwaruza koo kama mhubiri wa uwanjani. Mtu akisikiliza "As" peke yake kwenye matatu ataupenda. Akiusikia ukitoka kwenye kile kinubi, atajua ulikotoka.

Njoki_R

Mkipata dakika moja katika mjadala, wasimulieni vijana habari za tuzo. Stevie alikuwa amepata Grammy ya albamu bora ya mwaka mara mbili mfululizo, kwa Innervisions na Fulfillingness' First Finale. Katika tuzo za mwaka wa 1976, ambazo hakuwa na albamu ya kushindania, Paul Simon alishinda akamshukuru Stevie Wonder jukwaani kwa kutotoa kitu mwaka uliotangulia. Mwaka wa 1977 Songs in the Key of Life ikashinda. Stevie mwenyewe alikuwa Lagos, wakamuunganisha kwa setilaiti, mawasiliano yakawa yanakatika, na mtangazaji Andy Williams akamuuliza mtu asiyeona tangu uchanga kama anaweza kuwaona. Hadi leo watu hucheka na kusikitika kwa pamoja.

BintiSouthB

Nawashukuru nyote, na hasa Mzee wangu kwa hesabu ya pande, kwa sababu imenitoa njia panda. Tutapiga pande nne, kila moja ikifuatiwa na mazungumzo mafupi, na Mkaguzi amealikwa rasmi aje alinde msimamo wake baada ya upande wa tatu. Nimezungumza na mwalimu wa kwaya kuhusu "Summer Soft", naye amesema watakuja watano.

Kijitabu kipo, Mzee. Kina maneno ya nyimbo na orodha ndefu sana ya watu wanaoshukuriwa, na kurasa mbili zimegandamana kwa unyevu, nami naogopa kuzibandua.

Mzee_wa_Santuri

Usizibandue kwa nguvu. Kuhusu zile nyimbo nne, hakukuwa na matoleo mawili. Albamu ilitoka ikiwa na santuri mbili kubwa, kijitabu cha kurasa 24, na kisahani kidogo cha inchi saba kilichoitwa A Something's Extra, chenye "Saturn" na "Ebony Eyes" upande mmoja, "All Day Sucker" na "Easy Goin' Evening" upande wa pili. Kisahani hicho ndicho kilichopotea, kama kinavyopotea katika nakala nyingi za mitumba, kwa kuwa kilikuwa kitu kidogo ndani ya jalada kubwa na kila aliyeazima alikirudisha mahali pasipofaa, au hakukirudisha kabisa. Kwenye simu nyimbo hizo zimeunganishwa na zingine katika orodha moja, na ndiyo sababu unahesabu 21. Yeye mwenyewe aliziweka kando, kwa hiyo kikao chenu hakitapungukiwa.

Bei uliyolipa sikuulizi. Siku nyingine ukinunua albamu hii, pale Kenyatta Market au kwingineko, toa kila kitu nje ya jalada mbele ya muuzaji, uhesabu sahani tatu na kijitabu, kisha uzishike kwenye mwanga uziangalie kwa ubavu, kwani mkwaruzo unaoonekana ukitazama kutoka juu mara nyingi si ule utakaorusha sindano.

Mimi nina visahani viwili. Kimoja nitakuletea ukumbini, lakini "All Day Sucker" inaruka karibu na mwanzo, na mkumbuke kukipiga kwa mwendo wa mizunguko 33 kwa dakika, si wa 45 kama visahani vingine vya ukubwa huo, maana nimewahi kusikia watu wakiisifu "Saturn" kwa sauti nyembamba ambayo Stevie hana.